Askari Aliyekufa Jumamosi

Ijumaa askari alipona, na Khaemba wa Mabanga akatoka sinema amenuna. Jumamosi askari huyo huyo akafa, tena kifo kibaya cha kwenye matope, na Khaemba akaja mwenyewe nyuma ya shuka kumshika mfasiri mkono na kumwuliza kama amekula. Hapo ndipo Wekoye alipojua kwamba Bungoma ana riziki yake.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja. Filamu yenyewe ilikuwa ya vita. Askari mmoja wa Kizungu anabaki nyuma kulinda daraja, daraja linalipuliwa, wenzake wako ng'ambo na yeye yuko peke yake katika nchi ya adui, hana chakula wala ramani, na kila kichaka kina bunduki. Mwenye filamu alikuwa Osman, mfanyabiashara wa Kitale aliyekuwa na duka karibu na msikiti, lori kuukuu, jenereta, na mashine ya sinema aliyoipata mnadani. Mikanda ilikuwa minne. Wa nne uliungua Eldoret, na huo ndio uliokuwa na mwisho wa hadithi.

Mtu mwingine angeuza mashine. Osman alimwajiri Wekoye. Filamu ilisema Kiingereza na watazamaji hawakukijua, kwa hiyo ilikuwa lazima mtu asimame nyuma ya shuka na tarumbeta ya bati ya kukuzia sauti awafasirie. Mkanda wa tatu ukiisha, askari akiwa amezama kinamasini hadi shingoni na buti za adui zikipita ukingoni, mtu huyo huyo aliendelea kusimulia peke yake mbele ya shuka jeupe mpaka watu waridhike kwamba kiingilio chao hakikupotea bure.

Wekoye alikuwa kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Alitoka Lwakhakha, akajifunza Kiingereza akibeba sahani katika hoteli ya Wazungu Kitale, na vita akajifunza Gilgil, alikomenya viazi vya askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, miezi saba kabla ya kufukuzwa kwa sababu ya sukari iliyopotea. Askari wa kwenye filamu hakuwa msemaji. Akisema neno moja, Wekoye alitoa hotuba. Akikohoa, Wekoye alifasiri kikohozi, kwamba njaa imemshika mpaka amesahau jina lake na jina la mama yake, na hajui tena yeye ni nani. Wanawake walilia kwa sauti. Kilikuwa kikohozi tu, lakini tusimwonee mtu anayefanya kazi kuliko mshahara wake.

Onyesho la Bungoma lilifanyika mchana, katika ghala la pamba lililozibwa madirisha kwa magunia. Shuka lilikuwa na tundu, na kwa tundu hilo Wekoye aliwachungulia watu wake. Mstari wa mbele, penye viti vya wakubwa, alimwona bwana mmoja mwenye kofia ya kijivu. Ghala zima lilikuwa likimwombea askari. Bwana huyu alikuwa akimwombea adui. Buti zilipokaribia kinamasi alijisogeza mbele kitini, na zilipopita alirudi nyuma ameshusha pumzi kwa uchungu. Mfasiri mwerevu hawezi kuliacha jambo kama hilo hivi hivi. Jumamosi, shuka lilipobaki jeupe, Wekoye alimwua askari ili aone itakuwaje, na ikawa kama tulivyokwisha kusema.

Khaemba alimpeleka kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni, akamwagizia maandazi manne, wala hakuzunguka sana. Ndugu yake mdogo, Mukhisa, alikwenda Burma na Keya mwaka wa arobaini na tatu na hakurudi. Barua ya jeshi ilisema haonekani. Haikusema amekufa, na Khaemba aliona huo ni uzembe mkubwa kwa serikali. Mukhisa aliacha mke, Nasambu, na mtoto wa kike, na ekari kumi na mbili za udongo mweusi kando ya mto. Khaemba amezilima ekari hizo miaka minane kwa moyo wa kujitolea, mahindi yake akiyasaga kwenye mashine yake mwenyewe ya posho, naye Nasambu mwenye shamba akiachiwa kipande cha kunde nyuma ya choo. Lakini shamba halijawa lake. Katika ukoo wao, aliyepotelea mbali huzikwa kwa shina la mgomba badala ya mwili, na kabla mgomba haujaingia shimoni yeye ni mtu hai na mali ni yake. Tena mgomba hauzikwi hivi hivi. Ni lazima asimame mtu mbele ya wazee aseme alimwona akifa kwa macho yake. Kila mwaka Khaemba aliomba shimo lichimbwe, na kila mwaka Nasambu aliuliza swali moja: nani alimwona? Wazee walitazamana, wakaenda nyumbani.

"Akizikwa, huyo mama anarudi kwao," Khaemba alisema. "Mimi sina ubaya na mtu. Nataka tu ndugu yangu afe vizuri, kama vile wewe umeua ule mzungu leo."

Wekoye alitafuna andazi la tatu kwa huzuni, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe, kwa kweli, alikuwa Burma. Khaemba akasema alijua tu. Wekoye akasema kulikuwa na kijana mmoja Mbukusu katika kikosi chao, jina ndilo limemtoka. Khaemba akamkumbusha jina. Baada ya hapo ilibaki kupatana, nao walipatana kama waungwana: baiskeli mpya papo hapo, na fahali baada ya mazishi. Wekoye alisisitiza fahali awe mwekundu. Hakuwa na sababu yoyote, ila alitaka aonekane mtu wa kuchagua.

Alirudi Kitale na baiskeli yake juu ya lori la Osman, akaanza kujiandaa. Alinunua kabuti la jeshi, buti zilizokwisha visigino, na nishani ya shaba ambayo, ukiisoma kwa karibu, ilitolewa kwa ng'ombe wa maziwa aliyeshika nafasi ya pili katika maonyesho ya kilimo. Osman alimpa ruhusa ya siku tatu. Alipoona kabuti na kusikia ni la nini alimwambia kwamba kumwua mtu kwenye shuka ni kitu kimoja na kumwua kwao mbele ya mkewe ni kitu kingine. Wekoye alimpigia saluti, akaenda zake.

Alifika Mabanga asubuhi ya Jumatano ya pili, akipanda baiskeli pole pole ili nishani ionekane. Watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia. Shimo lilikuwa limechimbwa, udongo umerundikwa, na shina la mgomba limelazwa pembeni chini ya shuka jeupe. Fahali mwekundu alikuwa amefungwa kwenye mti. Mlangoni pa nyumba ya nyasi alikaa mwanamke mrefu na binti wa miaka tisa, wala hakufunga kitambaa cha msiba. Wekoye hakuhitaji kuambiwa kwamba huyo ndiye Nasambu. Alimtazama machoni mara moja, kisha akaona ni afadhali kutazama fahali.

Mkubwa wa ukoo, Mzee Wabwile, alimwuliza Khaemba kama anamjua mgeni huyu. Khaemba akasema anamjua. Akamwuliza kama ni mtu mkweli. Khaemba akasema hajaona mtu mkweli kama huyu. Mzee Wabwile akamwuliza mara ya tatu, mbele ya mkutano wote, kama anakubali kwamba kila neno atakalosema mgeni kuhusu Burma ni la mtu aliyekuwako, na Khaemba akavua kofia, akaapa kwa kaburi la baba yao. Wengine walishangaa kwa nini mzee amejisumbua kuuliza mara nyingi hivyo. Khaemba hakushangaa. Alikuwa akihesabu ekari.

Basi Wekoye akasimama kando ya shimo, akaua. Na ni lazima tuseme ukweli, aliua vizuri. Aliwapa daraja na mlipuko. Aliwapa siku nne za mizizi na maji ya mvua, kinamasi, na buti za adui zikipita karibu na pua. Mukhisa alikuwa amelala matopeni kando yake, wamefunikwa majani, na homa ikimtikisa, na hakukohoa, ingawa kikohozi kilikuwa kinampasua kifua, maana angekohoa wangekufa wawili. Alijizuia mpaka pumzi ikakatika. Alikufa, Wekoye alisema, kwa ajili ya mwenzake, na jina la mwisho mdomoni mwake lilikuwa la mkewe. Hapo akanyamaza kidogo, kama alivyozoea kufanya kwenye tarumbeta, awape watu nafasi ya kulia.

Hakulia mtu. Nasambu alisimama, akampa binti yake kibuyu alichokuwa ameshika, akaja taratibu mpaka mbele ya Wekoye. Alimzunguka. Alimshika sikio la kushoto, akaligeuza, akachungulia nyuma yake. Kisha akamgeukia Mzee Wabwile, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, fukieni shimo. Huyu ndiye mume wangu."

Wekoye alicheka kidogo, kwa adabu. Hakuna aliyemfuata katika kicheko hicho.

"Sura imeharibika na vita," Nasambu aliendelea. "Hata mimi sikumjua akishuka kwa baiskeli. Lakini nikisikia anadanganya, nikajua. Mukhisa alikuwa anadanganya hivi hivi. Si mnakumbuka?"

Wanawake wakasema wanakumbuka. Mzee Wabwile, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu tangu kabla ya vita, alimsogelea Wekoye, akamtazama muda mrefu, akasema anamwona vizuri sana na kwamba ni Mukhisa, ila amepungua urefu. Wekoye akasema kwa haraka kwamba kuna kosa, yeye ni rafiki tu wa marehemu, jina lake ni lingine kabisa. Mzee akamshika bega kwa huruma. Alisema askari akikaa sana kinamasini husahau jina lake na jina la mama yake, hajui tena yeye ni nani. Kila mtu hapa aliliona hilo Bungoma kwenye sinema, na limefasiriwa wazi.

Hapo Khaemba aliamka. Alipiga kelele kwamba huyu si ndugu yake, watu wamerogwa, ni mgeni kabisa. Mzee Wabwile alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akamwuliza pole pole: kama si Mukhisa, ni nani? Umemtoa wapi? Wewe umeapa sasa hivi kwamba ni mkweli na alikuwa Burma. Kama si mkweli, tuambie ulijuaje ni mwongo, na kwa nini umetuletea mwongo amzike ndugu yako. Na hiyo baiskeli, si ndiyo ile ilikuwa inakaa kwenye mashine yako ya posho?

Khaemba akavaa kofia. Katika mkutano ule wa watu mia na zaidi, ni wawili tu waliotaka kusema ukweli, naye alikuwa mmoja wao. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa na miezi sita ya jela ndani yake, mitatu kwa kila mmoja, au pengine zaidi.

Usije ukadhani watu wa Mabanga walikuwa wajinga. Hakuna aliyeamini hata kidogo. Lakini hakukuwa na nyumba ambayo mahindi yake hayakupita kwenye mizani ya Khaemba yakatoka yamekonda, na Nasambu alikuwa amezunguka nyumba hizo zote wiki nzima, moja baada ya nyingine.

Wekoye alianza kurudi nyuma kuelekea baiskeli. Aliikuta imeshikwa. Aliyeishika alikuwa Nyongesa, mfyatua matofali mwenye mikono mikubwa, na nyuma yake wanaume wengine saba wa umri mmoja, wote wakitabasamu.

"Bakoki wangu," Nyongesa alisema, akamkumbatia mpaka mbavu zikalia.

Mtu wa Lwakhakha hahitaji kuelezwa bakoki ni nani, ila tuseme kwa faida ya wengine: ni wale mliotahiriwa nao mwaka mmoja. Hao ni zaidi ya ndugu. Bakoki wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ucheke, na akipenda kitu chako anakichukua, nawe ucheke pia, kwa sababu kumnyima ni aibu isiyofutika. Mukhisa alikuwa na bakoki wanane, nao walikuwa wamemkosa kwa miaka minane. Nyongesa alipenda baiskeli. Wa pili alipenda kabuti, wa tatu na wa nne wakagawana buti, moja moja, jambo ambalo hatulielewi hadi leo. Nishani ilichukuliwa na mtu aliyejua kusoma, akaitazama, akamtazama Wekoye, akasema ni haki yake kabisa. Wekoye alicheka, kama desturi inavyotaka. Kicheko hicho kilimwuma kuliko kumenya viazi.

Kisha yakafuata mambo ya kumsafisha. Mtu aliyechimbiwa kaburi akiwa hai haingii nyumbani kwa mlango, kwa hiyo walitoboa ukuta wa nyuma wa kibanda kimoja cha uani, wakampitisha hapo kichwa mbele. Damu ya mnyama ilihitajika, na fahali mwekundu alikuwa karibu. Wekoye aliona fahali wake akiliwa na kijiji kizima, akapewa kipande cha shingo. Aliambiwa kwamba kwa siku mbili hawezi kuvuka ua wala kulala karibu na mkewe, na kwamba bakoki watakaa naye zamu kwa zamu asije akasumbuliwa na roho za vitani.

Siku ya pili mchana, Khaemba alikuja nyuma ya kibanda, akanong'ona kwenye ufa wa udongo. Alimtaka aseme kwamba yeye si Mukhisa. Wekoye alijibu kwamba yuko tayari, ila ataanzia pale kwenye maandazi, amalizie kwenye fahali, na mzee wa mtaa aandike yote. Khaemba alimtukana kwa maneno ambayo ndugu hamtamkii ndugu, naye Wekoye akayarudisha kwa Kibukusu na kwa Kiingereza cha hotelini. Nyongesa, aliyekuwa zamu, aliwaambia wengine jioni kwamba ndugu wale wawili wamepatana, alisikia wakizungumza.

Siku ya tatu wakaenda shambani. Mzee wa mtaa alikuja na karani wa chifu, karatasi na wino. Wekoye, peku, alitembezwa mpaka mzima wa ekari kumi na mbili, kutoka mtoni hadi kwenye jiwe, na kila pembe alipanda mche kwa mkono wake, watu wakimtazama. Mwishoni alitakiwa aseme. Alijua vizuri cha kusema, kwa kuwa Nyongesa alikuwa ameweka mkono shingoni mwake kwa mapenzi. Alisema kwamba yeye Mukhisa, kwa kuwa vita vimemharibu na huenda akaondoka tena, shamba hili analiacha mkononi mwa mkewe Nasambu na binti yake, na hakuna ndugu wa kuligusa akiwepo wala asipokuwepo. Aliweka dole gumba. Khaemba aliitwa aweke lake kama shahidi, maana ndiye aliyemleta. Alilibonyeza kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, ikabidi karani aandike nyingine.

Asubuhi ya nne Nasambu alikuja kibandani na uji kwenye kibuyu. Aliwaambia bakoki waende wakapumzike. Alimsindikiza Wekoye mpaka penye njia ya Bungoma, akamwacha anywe akiwa amesimama.

Wekoye alimwuliza alijuaje.

"Nilikuja sinema siku zote mbili," alisema. "Nililipa na mayai. Ijumaa ulimponya yule askari, nikaenda nyumbani nikalala usingizi. Sikuwa nimelala hivyo tangu ile barua. Jumamosi nikarudi kusikia tena, na wewe ukamwua. Nikalia mpaka watu wakatoka wote. Ndio nikaona Khaemba anaenda nyuma ya shuka anacheka. Nikajua utakuja kwangu."

Wekoye alisema pole. Lilimtoka tu, bila kulitengeneza. Kisha akauliza wataambiwa nini wanaouliza Mukhisa ameenda wapi. Nasambu akajibu kwamba hakuna atakayeuliza. Watasema amekwenda Kitale kutafuta kazi, kama waume wote wa huko, na mtu aliyeonekana na kijiji kizima akila shingo ya fahali haiwezekani tena kumchimbia shimo.

Alipokea kibuyu kitupu. Hakuondoka. Aligeuza geuza kibuyu mikononi, na sasa hakuwa yule aliyesimama mbele ya wazee.

"Huko Gilgil, ulikowaambia bakoki kwamba ulimenya viazi," alisema, "hukuwahi kumsikia? Mukhisa. Ana pengo hapa mbele, meno mawili ya chini. Akicheka anaziba na mkono."

Wekoye alikuwa mtu wa kuwa na jibu. Angeweza kumpa Mukhisa aliyemwona hospitali moja ya Calcutta akila wali, akiuliza habari za nyumbani. Angeweza kumpa kaburi lenye msalaba na jina. Mwanamke huyu, aliyejua uongo wake wote, angeamini lolote kati ya hayo, na Wekoye aliona hivyo usoni mwake.

"Hapana, mama," alisema. "Sijawahi kumsikia."

Nasambu aliitikia kwa kichwa. Alisema, basi ukikutana naye mahali, mwambie shamba lipo. Wekoye akasema atamwambia, akashika njia bila viatu, vumbi jekundu likimpanda miguuni. Ilikuwa siku ya soko, watu wengi njiani, na wale waliopishana naye walisema baadaye kwamba kuna kichaa mmoja aliyekuwa akitembea kwenda Bungoma, akiwasimamisha wanaume wa makamo, akiwasalimu vizuri sana, na kuwachekesha ili aone meno yao.